Takwimu za vifo vya janga: utumie hesabu ipi?

Mwaka 2023 Uingereza ilikuwa na vifo vya ziada, yaani juu ya vilivyotarajiwa, takriban 31,400. Au takriban 11,000. Takwimu zote mbili zimetolewa na ofisi ileile ya taifa ya takwimu, zinahusu watu walewale waliofariki mwaka uleule, na hakuna aliyerukwa wala kuhesabiwa mara mbili. Tofauti ya watu zaidi ya 20,000 imetokana na jambo moja tu: makadirio ya wangapi wangekufa katika mwaka wa kawaida.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwandishi wa habari mwenye saa mbili kabla ya gazeti kwenda mitamboni, ofisa wa afya anayeandaa ripoti: wote hufika hapa wakakwama. Zipo hesabu nne zinazotajwa kila mara mjadala wa vifo vya UVIKO-19 unapozuka, na watu huzichanganya kana kwamba zinasema kitu kimoja.

Tunazipimaje?

Vifo vya ziada ni hesabu ya kutoa. Unachukua vifo vyote vilivyotokea, vya sababu yoyote ile, unatoa vile ambavyo vingetarajiwa kama janga lisingekuwepo, na kinachobaki ndiyo ziada. Wazo hili ni la zamani. William Farr, mtakwimu wa Uingereza wa karne ya 19, alilitumia kuonyesha madhara ya mafua yaliyoikumba London mwaka 1847. Namba ya kwanza katika hesabu hiyo inahusu jambo lililotokea na inaweza kukaguliwa kwenye rajisi, yaani daftari la usajili wa vifo. Namba ya pili inahusu jambo ambalo halikutokea kamwe, na mabishano karibu yote yanaanzia hapo. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake: anayetaka janga lionekane dogo hupandisha kiwango kilichotarajiwa, na anayetaka lionekane kubwa hukishusha.

Kwa hiyo kila hesabu nimeiuliza maswali manne: inapima nini, inahitaji data gani, inakwama wapi, na inamfaa nani.

1. Vifo vilivyoandikwa kuwa vya ugonjwa wenyewe

*Inapima nini.* Watu ambao daktari, hospitali au wizara imeandika kuwa wamekufa kwa UVIKO-19. Ndiyo namba iliyokuwa ikisomwa kwenye taarifa za habari kila jioni mwaka 2020.

*Inahitaji nini.* Vipimo, cheti cha kifo kilichojazwa vizuri, na ufafanuzi wa nini kihesabiwe. Huo wa tatu ndio hubadilika bila watu kujua. Agosti 2020 Uingereza iliamua kuhesabu tu wale waliofariki ndani ya siku 28 tangu wapimwe na kukutwa na virusi. Kabla ya hapo, kwa upande wa England, aliyewahi kukutwa na virusi aliingizwa hata akifa miezi kadhaa baadaye kwa sababu nyingine. Kwa siku moja jumla ikashuka kwa zaidi ya vifo 5,000. Ubelgiji nayo ilifanya kinyume. Tangu mwanzo ilijumuisha vifo vya wazee kwenye nyumba za malezi walioshukiwa tu, bila kupimwa, ikaonekana kuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani wakati majirani zake walikuwa wakihesabu wa hospitali kwanza.

*Inakwama wapi.* Pasipo vipimo hakuna vifo, kwenye karatasi. Mfano wa Peru unatosha. Tarehe 31 Mei 2021 serikali ya nchi hiyo ilipitia upya vigezo vyake, na jumla ikaruka kutoka 69,342 hadi 180,764. Hawakufa watu 111,000 siku hiyo. Walikuwa wamekufa tayari na kuzikwa, ila hawakuwa na majibu ya maabara yaliyotakiwa na vigezo vya awali. Serikali chache zimekuwa na ujasiri wa kujisahihisha hadharani kiasi hicho, na binafsi naona Peru inastahili sifa zaidi ya ilizopata.

*Inamfaa nani.* Anayefuatilia wimbi linavyopanda na kushuka wiki kwa wiki ndani ya nchi moja, mradi ufafanuzi haujabadilika katikati. Inamfaa pia anayetaka kujua sababu ya kifo, kwa kuwa kati ya hesabu zote nne ni hii peke yake inayotaja ugonjwa. Kulinganisha nchi na nchi haiwezi.

2. Ziada dhidi ya wastani wa miaka mitano

*Inapima nini.* Vifo vyote vya mwaka au wiki husika, ukitoa wastani wa kipindi hichohicho katika miaka iliyotangulia. Kwa UVIKO-19 watu wengi walitumia 2015 hadi 2019. Ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya ilichukua wastani wa 2016 hadi 2019, na ile ya Ujerumani ilitumia namba ya katikati ya miaka minne iliyotangulia. Familia ni moja.

*Inahitaji nini.* Usajili wa vifo ulio kamili, au angalau ambao ukamilifu wake haujabadilika. Basi. Huhitaji kupima mtu, huhitaji kujua ugonjwa, huhitaji hata kompyuta. Ndiyo maana hesabu hii ilifichua mambo mapema. Taasisi ya takwimu ya Italia ilionyesha kuwa Machi 2020 vifo katika mkoa wa Bergamo vilipanda kwa asilimia 568 juu ya wastani wa Machi za 2015 hadi 2019. Ongezeko la ukubwa huo halihitaji hisabati za juu. Badili kiwango cha kulinganishia upendavyo, bado utaliona.

Tufanye hesabu moja pamoja, ya Sweden, nchi ambayo sera zake zilizua maneno mengi. Mwaka 2020 walifariki watu 98,124. Wastani wa mwaka kwa 2015 hadi 2019 ulikuwa karibu 91,000. Ziada: takriban 7,200, yaani asilimia 8. Lakini mtu akiamua kulinganisha na 2019 peke yake, mwaka ambao walikufa watu 88,766, ziada inafika takriban 9,400, asilimia 10 na nusu. Mwaka 2019 ulikuwa wa vifo vichache isivyo kawaida nchini humo. Anayelinganisha na mwaka huo mmoja hajasema uongo, ila amechagua mwaka uliompa jibu alilolitaka, au hakujua. Wastani wa miaka mitano upo ili kuzuia mchezo wa namna hiyo.

*Inakwama wapi.* Wastani unachukulia kwamba nchi haibadiliki. Idadi ya watu ikikua, vifo huongezeka. Wazee wakizidi, vifo huongezeka. Kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili kikiingia miaka ya themanini, vifo vitaongezeka hata kama kila mmoja ana afya bora kuliko mzazi wake alivyokuwa katika umri huo. Kwa mwaka 2020 kosa hili ni dogo, kwa sababu miaka ya kulinganishia iko karibu. Kila mwaka unaopita linakua.

Baada ya janga shida inakuwa ya pande mbili. Ukiendelea kutumia 2015 hadi 2019 kupima mwaka 2023, unalinganisha na nchi iliyokuwa na watu wachache na vijana zaidi; utaona ziada isiyokuwepo. Ukisogeza dirisha la miaka ya kulinganishia ili liingize 2020 na 2021, umeiingiza misiba ya janga ndani ya kile unachokiita kawaida, na mwaka mbaya utaonekana wa kawaida. Uingereza ilijaribu njia ya katikati: ikauruka mwaka 2020 na kutumia miaka mingine. Nafuu ilikuwepo, ila tatizo la kuzeeka likabaki palepale.

*Inamfaa nani.* Mwandishi wa habari anayetaka hesabu ambayo msomaji anaweza kuirudia kwa kalamu na karatasi. Mtafiti wa wilaya mwenye daftari la usajili na hana zaidi. Yeyote anayezungumzia 2020 au mwanzo wa 2021. Kwa 2023 na kuendelea, namshauri aiache.

3. Ziada dhidi ya modeli inayofuata mwelekeo na umri

*Inapima nini.* Ni utoaji uleule, ila kiwango kilichotarajiwa kinakadiriwa kwa modeli ya kitakwimu inayojua watu wangapi wako katika kila rika, kama vifo vilikuwa vikipungua au kuongezeka kabla ya janga, na majira ya mwaka. Mtandao wa EuroMOMO, unaoratibiwa kutoka Copenhagen, umekuwa ukitumia modeli ya aina hii, ya mwelekeo na majira, kwa nchi za Ulaya tangu kabla ya UVIKO-19, kwa ajili ya mafua na mawimbi ya joto. Marekani nayo ilikuwa na mfumo wake wa wiki kwa wiki katika kipindi cha janga.

Namba mbili za Uingereza nilizoanza nazo zinaelezwa hapa. Takriban 31,400 ilikuwa ya njia ya wastani. Februari 2024 ofisi ya takwimu ilihamia kwenye modeli inayozingatia umri, jinsia na mwelekeo wa miaka, na inayoondoa vipindi vilivyoharibiwa zaidi na janga katika kukadiria kawaida. Jibu likawa takriban 11,000. Modeli hiyohiyo ilishusha hata ziada ya 2020, kutoka takriban 84,000 hadi takriban 76,000. Tazama ukubwa wa mabadiliko hayo mawili: asilimia 9 kwa mwaka wa janga lenyewe, karibu theluthi mbili kwa mwaka wa baadaye. Ziada ikiwa kubwa, uchaguzi wa njia hautikisi mengi. Ikiwa ndogo, njia ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Walikuwepo waliosema serikali imefuta vifo. Hakuna kifo kilichofutwa, rajisi haikuguswa. Lakini nawaelewa. Ofisi inayobadilisha njia katikati ya mjadala mkali inapaswa kutarajia maswali, na jambo la maana walilofanya ni kuchapisha matokeo ya njia zote mbili kwa miaka yote, ubavu kwa ubavu.

*Inahitaji nini.* Vifo vilivyogawanywa kwa umri, makadirio mazuri ya idadi ya watu kwa kila rika, na mtu anayejua anachofanya. Sensa ikiwa ya zamani, modeli inajengwa juu ya mchanga.

*Inakwama wapi.* Mwelekeo unaweza kupotosha. Shirika la Afya Duniani lilipotoa makadirio yake Mei 2022, Ujerumani ilipewa ziada ya takriban 195,000 kwa 2020 na 2021. Wataalamu walishangaa. Ikagundulika kuwa mstari wa modeli uliufuata mno mteremko wa mwaka 2019 na kuuendeleza kushuka, hivyo vifo vilivyotarajiwa vikawa vichache mno. Baada ya marekebisho namba ikashuka hadi takriban 122,000. Sweden ilikumbwa na kosa la upande wa pili, na yake ikapanda kidogo. Hizi ni nchi zenye rajisi miongoni mwa zilizo bora duniani, na bado jibu liliyumba kiasi hicho.

Kasoro nyingine ni ya kuaminika mbele ya umma. Msomaji wa kawaida hawezi kuirudia hesabu, analazimika kumwamini aliyeifanya.

*Inamfaa nani.* Anayechunguza miaka ya baada ya janga, nchi inayozeeka au kukua haraka, na anayeandika kwa ajili ya uamuzi wa sera. Asitumie namba bila kueleza modeli ilifunzwa kwa miaka ipi.

4. Makadirio ya kimataifa

*Inapima nini.* Ziada ya nchi ambazo hazina rajisi ya kutosha, ikikisiwa kutokana na nchi zenye rajisi na viashiria vingine kama kipato, umri wa watu, kiwango cha maambukizi na ukali wa hatua zilizochukuliwa. Kwa dunia nzima, 2020 na 2021, Shirika la Afya Duniani lilipata vifo vya ziada milioni 14.9, mpaka wa chini wa makadirio ukiwa milioni 13.3 na wa juu milioni 16.6. Vilivyokuwa vimeripotiwa rasmi kuwa vya UVIKO-19 ni takriban milioni 5.4. Taasisi ya takwimu za afya ya IHME, ya Seattle nchini Marekani, ilipata milioni 18.2 kwa kipindi hichohicho. Jarida la The Economist nalo lilitengeneza modeli yake.

*Inahitaji nini.* Kwako wewe msomaji, karibu hakuna: unapakua jedwali. Kwa waliotengeneza, inahitaji dhana nyingi. Sehemu kubwa ya nchi za Afrika hazikuwa na takwimu za kitaifa za vifo vya kila mwezi za kuwapa.

*Inakwama wapi.* India ndiyo kesi maarufu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ziada ya watu milioni 4.7, hesabu rasmi hadi mwisho wa 2021 ilikuwa takriban 481,000. Serikali ya India ilipinga njia hiyo waziwazi. Data zilizotumika zilitoka katika baadhi ya majimbo tu, kwa hiyo hoja ya kutokuwa na uhakika ni halali. Ila tofauti ya karibu mara kumi haiondolewi kwa hoja hiyo peke yake.

Kwa nchi isiyo na data kabisa, namba ya katikati ya makadirio haina uzito mkubwa. Soma mipaka yake ya chini na ya juu. Mpaka wa chini ukiwa karibu na sifuri na wa juu ukiwa makumi ya maelfu, modeli inakuambia kwa heshima kwamba inakisia.

*Inamfaa nani.* Anayezungumzia dunia au bara. Anayeandika kuhusu nchi moja isiyo na rajisi aitumie kama mwanzo wa swali, kisha atafute ushahidi wa ardhini.

Na kiwango kilichosawazishwa kwa umri?

Hiki hutajwa mara nyingi pamoja na hizo nne, ingawa ni kitu tofauti. Hakitoi namba ya waliokufa zaidi ya kawaida. Kinauliza: kama nchi hizi mbili, au miaka hii miwili, ingekuwa na mgawanyo mmoja wa umri, vifo vingekuwa vingapi kwa kila watu 100,000? Kwa kulinganisha Italia yenye wazee wengi na nchi ya vijana, hakina mpinzani. Ndugu yake ni umri wa kuishi unaotarajiwa. Marekani ulikuwa miaka 78.8 mwaka 2019, ukashuka hadi 76.4 mwaka 2021, na kufika 78.4 mwaka 2023. Msomaji anaelewa mara moja.

Mitego ya zote

Tarehe ya kufa na tarehe ya kusajiliwa ni vitu viwili. England na Wales, kifo kinachochunguzwa na afisa wa vifo vyenye utata kinaweza kusajiliwa miezi kadhaa baadaye, na wiki za sikukuu huonyesha mteremko wa uongo kwa kuwa ofisi zimefungwa. Mwaka 2020 ulikuwa na siku 366, na kwa kalenda ya wiki ulikuwa na wiki 53. Usipoangalia utapata ziada ambayo ni ya kalenda tu. Armenia ilikuwa vitani vuli ya 2020, hivyo ziada yake ina askari ndani yake. Na ziada ni kinachobaki baada ya waliookoka kutolewa kwa waliokufa zaidi. Mafua yalikaribia kutoweka majira ya baridi ya 2020 na 2021, kwa hiyo waliookoka mafua wanapunguza ziada na kuwaficha baadhi ya waliokufa kwa UVIKO-19. New Zealand ilipata ziada hasi mwaka 2020 kwa namna hiyo.

Kuhusu sababu, vifo vya ziada havisemi lolote. Anayeichukua ziada ya 2022 au 2023 na kuitundika moja kwa moja kwenye chanjo, au kwenye kufungiwa ndani, au kwenye virusi vyenyewe, ameleta sababu yake kutoka nje ya hesabu. Ili kujua sababu, fungua vyeti vya vifo na data za wagonjwa mmoja mmoja.

Kulingana na hali yako

Unaandika habari ya haraka kuhusu 2020 katika nchi yenye usajili mzuri: wastani wa 2015 hadi 2019, ukitaja miaka hiyo ndani ya sentensi ileile yenye namba.

Unachunguza kama vifo vimerudi kwenye kawaida kuanzia 2022: modeli yenye umri na mwelekeo, pamoja na kiwango kilichosawazishwa. Zikipingana, ripoti zote mbili. Na amua miaka ya kulinganishia kabla hujaona jibu.

Unalinganisha nchi mbili au zaidi: njia moja kwa zote, hata kama kila nchi ina takwimu yake nzuri ya kitaifa. Ziada ya Ujerumani iliyopigwa kwa njia ya Ujerumani haiwekwi kando ya ya Uingereza iliyopigwa kwa njia ya Uingereza. Tumia data za wiki zilizokusanywa pamoja, kama World Mortality Dataset ya Ariel Karlinsky na Dmitry Kobak, ukazieleze kwa asilimia badala ya idadi tupu.

Unataka kujua ugonjwa uliua wangapi hasa: anza na vifo vilivyoandikwa, kisha viweke kando ya ziada. Vikikaribiana, usajili wa sababu ulikuwa mzuri. Vikiachana sana, kuna kazi ya kufanya. Afrika Kusini ilikuwa na takriban vifo 100,000 rasmi na ziada ya zaidi ya 300,000. Watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo waliangalia jinsi ziada ilivyopanda na kushuka pamoja na maambukizi, jimbo kwa jimbo, wakakadiria kuwa asilimia 85 hadi 95 ya ziada hiyo ilikuwa ya UVIKO-19.

Uko kwenye nchi ambayo vifo vingi havisajiliwi: chukua makadirio ya kimataifa na mipaka yake, kisha tafuta chochote kilichohesabiwa kweli, hata kama ni cha mji mmoja. Rekodi za makaburi, za misikiti na makanisa, za vyumba vya maiti. Mjini Lusaka, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima maiti 364 na kukuta virusi kwa 70, karibu asilimia 19. Sita tu kati ya hao walikuwa wamepimwa kabla ya kufa.